Kusomea Kupima Dawa: Yale Ambayo Fomu ya Chuo Haisemi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, simu yangu haitulii. Shangazi wa fulani, baba wa rafiki, jirani wa zamani wa Tabata, wote wana kijana aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), udaktari umemponyoka, famasia imemponyoka, na wamesikia kwamba mimi "nafanya maabara". Swali ni lile lile: huko kuna maisha? Kabla sijajibu linafuata la pili, safari hii kwa sauti ya chini: eti ile shahada ya chuo cha ufundi nayo ni shahada?

Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza nitamtumia kiungo.

Tuanze na maabara yenyewe, maana wengi wanaonipigia wanadhani nachoma watu sindano. Maabara yangu haina damu, haina mkojo, wala haina mgonjwa anayesubiri kwenye benchi. Sisi tunapima dawa yenyewe kabla haijamfikia huyo mgonjwa. Kidonge kilichoandikwa miligramu 500 kina miligramu 500 kweli? Kikishamezwa kitayeyuka kwa wakati, au kitatoka kama kilivyoingia? Sharubati ya mtoto imetengenezwa kwa gliserini safi, au kwa kitu kinachofanana nayo? Kiwandani tunaitwa watu wa QC, yaani udhibiti ubora. Serikalini wapo wenzetu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pale Mabibo External, wanaokusanya dawa bandarini, maghalani na madukani na kuzipima upya. Maabara yao ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na Desemba 2018 mamlaka yenyewe, wakati huo ikiitwa TFDA, ikawa ya kwanza Afrika kufika ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani usimamizi wa dawa unaofanya kazi vizuri, kwa vigezo vya shirika hilo. Kwa upande wa maabara Kenya walitutangulia: ile ya taifa, NQCL, ilithibitishwa 2008, na ya MEDS, iliyo chini ya taasisi za makanisa, 2009. Nayataja haya kwa sababu wazazi wengi hudhani kazi ya namna hii iko Ulaya. Iko Mandela Road, daladala zinapita mlangoni.

Njia za kufika huku ni mbili. Wapo wanaopitia chuo kikuu, famasia miaka minne au kemia miaka mitatu. Na wapo wanaopanda ngazi za NACTVET, baraza la elimu ya ufundi: unaingia na cheti cha kidato cha nne chenye sayansi inayoeleweka, ngazi ya 4, ya 5, ya 6 ambayo ndiyo stashahada, unaajiriwa kidogo ukitaka, kisha unarudi kwa ya 7 na ya 8. Ngazi ya 8 ni shahada, mjadala umeisha. DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, wana shahada ya teknolojia ya sayansi za maabara, na MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, wana ya kwao. Usitegemee jina la kozi litaje dawa. Pale Moshi, chuo cha famasia cha Kilimanjaro kimeendesha mafunzo ya famasia ya viwandani kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, lakini hayo yanawafaa zaidi watu walio tayari kazini.

Mimi nina upande, niseme mapema. Nimepokea vijana wa fildi wa njia zote mbili. Wiki za mwanzo kijana wa chuo cha ufundi ananisaidia kazi, wa chuo kikuu namsaidia mimi. Ikifika siku ya kuuliza kwa nini molekuli hii inatangulia kutoka kwenye mashine ya kutenganisha na ile inachelewa, mambo hugeuka, na yule wa chuo kikuu anaanza kupumua. Wote wawili nawahitaji. Ila ukinilazimisha kuchagua nani akae kwenye benchi usiku bila mimi, namchagua mwenye mkono.

Niambie mtu hajawahi kupima unga kwenye mizani ya desimali nne, nitakuonyesha kwa dakika moja. Ataegemea meza, na namba itacheza. Atasahau kufunga kimlango cha kioo, na upepo wa kiyoyozi utampimia. Atashika kikombe kwa vidole vitupu, ataacha jasho, na jasho nalo lina uzito. Dar es Salaam ina unyevu wake: kuna unga ambao ukiuacha wazi, namba inapanda ukiitazama, kwa sababu unakunywa maji ya hewani. Mwenye mkono anajua aharakishe wapi na asubiri wapi. Akishapima anauhamishia unga kwenye chupa ya ujazo, anakiosha kile kikombe kwa kimiminika kile kile, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote humo humo, kwa kuwa kilichobaki kwenye kikombe kimeshahesabiwa kuwa kiko ndani. Halafu anajaza hadi alama. Chupa inabaki mezani, yeye ndiye anayepiga magoti macho yawe sawa na mstari.

Mtu atasema hizo ni mbwembwe. Tufanye hesabu. Umepima miligramu 50 za kiwango rejea cha parasetamoli, ile dawa safi tunayolinganishia kidonge, moja ikabaki kwenye kikombe. Sasa una 49 na daftari linasema 50. Kidonge chenye asilimia 93.5 ya dawa kitaonekana kina 95.4. Famakopia ya Uingereza, BP, kitabu chao cha viwango vya dawa, inakubali kuanzia 95. Dawa pungufu imefaulu, na hakuna aliyedanganya.

Hapo ndipo malalamiko yangu kwa vyuo yanapoanza. Mashine ya HPLC, ile inayotenganisha viambata na kuvihesabu kimoja kimoja, ni ya mamilioni mengi, kwa hiyo chuo kinaiogopa. Imefunikwa kitambaa. Siku ya kipindi wanafunzi wanasimama nyuma ya mwalimu, mwalimu anabonyeza, kilele kinatokea kwenye kioo cha kompyuta, wanapiga picha kwa simu, kipindi kimeisha. Kijana anakuja kwangu anajua kuchora mashine yote na kutaja kila kipande. Nikimwambia aioshe jioni, anapitisha asetonitrili, kiyeyushi kisichopatana na chumvi, moja kwa moja juu ya bafa ya fosfeti, yaani maji yenye chumvi. Chumvi inajitenga ndani ya kolamu, lile bomba ambamo viambata hutenganishwa, matundu yanaziba, presha inapanda hadi mashine inajizima, na kolamu ya zaidi ya shilingi milioni moja imekufa. Ungeanza na maji, ukaondoa chumvi, ndipo ukaleta asetonitrili. Sentensi moja hiyo. Lakini ni sentensi inayokaa kwa mtu aliyewahi kuona mshale wa presha ukipanda, na huwezi kuuona ukiwa mstari wa nne nyuma ya wenzako.

India, wanakotoka vidonge vingi tunavyomeza huku, walijaribu kulitatua hili kwa mwongozo. Mwaka 2014 tume yao ya vyuo vikuu ilianzisha shahada ya ufundi, B.Voc. Ilikuwa ya miaka mitatu: ukiishia wa kwanza unatoka na diploma, wa pili diploma ya juu, wa tatu shahada. Asilimia 60 ya alama za masomo zilikuwa za ujuzi wa kazi, 40 za elimu ya jumla. Huwa nawaonea wivu kwa huo mgawanyo, kisha najikumbusha kwamba asilimia za kwenye karatasi hazimgusishi mtu mashine. Mwaka 2013 kampuni ya Ranbaxy ya huko huko India, moja ya kubwa kabisa kwa dawa zisizo na jina la kibiashara, ilikiri makosa mbele ya mahakama Marekani na kukubali kulipa dola milioni 500, na katika makosa hayo zilikuwemo takwimu za vipimo ambazo hazikuwa za kweli. Wale waliozipanga zile namba hawakukosa elimu. Walikuwa wakemia wazuri.

Hili ndilo ninalotaka wazazi walisikie kuliko ngazi na ada. Kazi yetu ina ujuzi mmoja mgumu kuliko HPLC: kuandika namba iliyotokea. Na elimu yetu, kwa masikitiko, inafundisha kinyume chake tangu sekondari. Nani hajawahi kupika majibu ya titresheni? Bureti inasema 24.1, unajua jibu la mwalimu liko karibu na 25, unaandika 24.9, 25.0, 25.0, unapata alama zote. Aliyeandika 24.1 yake ya haki anapata ziro na maneno juu. Miaka minne, sita, mtoto anazoezwa kuona namba ya bureti kama pendekezo. Halafu tunashangaa.

Na lile daftari la rafu! Shuleni unaandika rafu kwanza, kisha unanakili safi kwa wino wa rangi mbili. Kwetu hakuna rafu. Unaandika pale pale, saa ile ile, kwa kalamu isiyofutika. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili kilichokuwa chini kisomeke, unaweka sahihi, tarehe na sababu. Kijana wa fildi akiandika namba kwenye kiganja au nyuma ya risiti akidhani ataihamisha vizuri baadaye, namwondoa benchi siku hiyo. Wananiona mkali. Wakaguzi wakija hawaulizi ulifanya nini, wanasema tuonyeshe.

Nitasimulia siku moja, kiwanda sikitaji. Tulikuwa na bechi ya parasetamoli, mimi na binti wa fildi aliyekuwa ngazi ya 6. Kipimo chenyewe ni cha kuyeyuka: vyombo sita vya kioo, kila kimoja na mililita 900 za bafa ya pH 5.8, joto nyuzi 37, kasia linazunguka mara 50 kwa dakika, kidonge kimoja kila chombo. Baada ya dakika 30 unachota, unachuja, unasoma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaonyonywa na dawa, kwa nanomita 243. Kwa famakopia ya Marekani, hatua ya kwanza kila kidonge kiwe kimeachia angalau asilimia 85. Vinne vilikuwa vizuri tu. Kimoja kilisoma 74, kingine 71.

Kitabu kina huruma hapo. Kinakuruhusu hatua ya pili: vidonge sita zaidi, wastani wa vyote kumi na viwili usiwe chini ya 80, na kisiwepo hata kimoja chini ya 65. Wastani ukaja 78. Kinakuruhusu hatua ya tatu, kumi na viwili zaidi, wastani wa vyote ishirini na vinne ufike 80. Ukaja 77. Kitabu kimefungwa.

Mkuu wa zamu ya uzalishaji akaingia na barakoa yake shingoni. Mtu mzima, mcheshi, ananiletea chapati Ijumaa. "Dada, si uongeze sita tu? Vile viwili labda vilinasa chini."

"Kaka yangu, nimeshaongeza kadiri kitabu kinavyoruhusu. Hatua ya nne haipo."

"Lori liko getini toka asubuhi."

"Naliona."

Akamgeukia binti, na hapo ndipo niliposhika meza. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyepima, eeh? Una uhakika maji yalipata moto vizuri? Ukiandika tu kwamba hayakupata, tunaanza upya, hakuna atakayekulaumu."

Fikiria uzito wa sentensi hiyo kwa mtoto wa miaka ishirini na moja anayehitaji sahihi ya kiwanda kwenye daftari lake la fildi ili amalize chuo. Anaambiwa na mtu mzima, kwa upole, achukue kosa ambalo hakulifanya, na zawadi ya kulichukua ni amani. Yule binti hakubishana. Alifungua daftari, akaweka kidole. Joto la kila chombo, 37.1, 36.9, 37.0, na kuendelea, na saa pembeni, mwandiko mbaya kweli, namba moja imepigwa mstari na sahihi juu yake. "Nimeandika hapa, shikamoo. Saa nne na dakika kumi, kabla sijadondosha cha kwanza." Hofu ilimfanya aamkie katikati ya sentensi. Kaka akasoma, akakuna kichwa, akatoka kwenda kuongea na dereva.

Uchunguzi ulianzia kwetu, inavyotakiwa: bafa, kiwango rejea, mashine, hesabu. Hatukukutwa na kitu. Ukaenda kwenye rekodi za uzalishaji. Kumbe magnesiamu stearati, ule unga wa kulainisha ili vidonge visigande kwenye mashine, ulipaswa kuchanganywa dakika chache tu. Siku ile mashine ya kugandamiza ilikuwa inatengenezwa, mtu wa mchanganyiko akaliacha pipa lizunguke akisubiri. Stearati ni ya jamii ya mafuta. Ikizungushwa kupita kiasi inaivalisha kila chembe koti la nta, na maji hayaingii. Dawa yote imo ndani, ukipima kiasi utapata mia kwa mia, ila haitoki. Bechi ikakataliwa, na muda wa kuchanganya ukawekewa kengele.

Mahakama moja ya New Jersey ilishalipitia jambo hili. Mwaka 1993, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Barr Laboratories, Jaji Alfred Wolin alikataa tabia ya kupima na kupima hadi namba nzuri ipatikane, kisha kuitupa mbaya bila kuichunguza. Taratibu za viwanda duniani kuhusu matokeo yaliyo nje ya kiwango zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya hukumu hiyo. Mimi nilisoma habari zake nikiwa kazini tayari. Ningependa zifundishwe mwaka wa kwanza, kabla ya somo la kompyuta.

Anayeona nakuza mambo akumbuke Gambia. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sharubati nne za kikohozi na mafua zilizotengenezwa India, zilizokutwa na diethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Watoto wasiopungua 66 walikufa, figo zikiwa zimesimama. Nchi ile haikuwa na maabara yenye uwezo wa kulipima hilo, sampuli zikasafirishwa nje. Kinachoniumiza ni kwamba sumu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1937 huko Marekani dawa ya maji ya salfanilamidi iliua zaidi ya watu 100 kwa diethilini glaikoli hiyo hiyo, na kiwanda kilikuwa na maabara: ilikagua ladha, rangi na harufu. Leo kikomo cha glaikoli hizo ndani ya gliserini ni asilimia 0.10, na kipimo chake kijana wa stashahada aliyefundishwa vizuri anakiweza. Kinatakiwa kufanywa kwenye pipa la malighafi, kabla ya sukari na rangi. Lazima awepo mtu wa kulifungua hilo pipa, na awe na mamlaka ya kulikataa.

Mamlaka hiyo chuo hakiwezi kukupa peke yake. Kanuni za utengenezaji bora zinataka mkuu wa uzalishaji na mkuu wa QC wasiwe mmoja chini ya mwenzake. Ukienda kwenye usaili wa kiwanda, ukisikia kwamba QC inaripoti kwa meneja uzalishaji, chukua nauli yako urudi nyumbani. Mshahara nao, kwa kuwa mtauliza: wa kuanzia hautakujengea Mbweni. Unapanda na vitu unavyoweza kufanya kwa mkono na ukaguzi uliopitia, na watu wanaojua kuanzisha njia ya kupima dawa mpya kuanzia mwanzo wanagombaniwa. Zamu za usiku zipo. Vumbi lipo, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Sasa, kwa kijana aliye mbele ya fomu wiki hii. Usilipe ada kabla hujaiona maabara ya chuo, na usiende siku ya maonyesho, nenda Jumatano ya kawaida saa za vipindi. Angalia kama HPLC imefunikwa kitambaa. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili, walimu waache, nani amewahi kuiwasha na kuizima mwenyewe. Omba kuona daftari la mazoezi la yeyote, uone kama kuna namba zilizopigwa mstari mmoja. Daftari safi kabisa, lisilo na kosa hata moja toka ukurasa wa kwanza, lina maana linanakiliwa bwenini. Uliza mwaka jana wanafunzi wa fildi walipelekwa wapi, maana kuna vyuo vinavyokuachia ujitafutie, na mtu anaishia kutoa fotokopi kwenye ofisi ya kata. Na uliza mwalimu wa kemia anampaje alama mwanafunzi aliyepata jibu lisilofanana na la wenzake akalieleza vizuri. Akicheka, jaribu chuo kinachofuata, dirisha la maombi bado liko wazi.